Kilichoishi Ndani ya Gome

Asubuhi ile, mtaalamu wa maabara alifungua kabati la kuoteshea bakteria, harufu ya udi ikampiga usoni.

Akatoa sahani zake kwa wasiwasi. Alikuwa amepanda bakteria sugu wa vidonda, wale wale waliokuwa wakiula mguu wa mama yake, kisha akadondoshea maji ya gome la mti lililosagwa, aliloletewa na mama yake mdogo, mganga wa miti shamba. Alitarajia kiduara safi kuzunguka kila tone, mahali dawa ilipoua bakteria. Lakini sahani zote zilikuwa safi, hata zile ambazo hazikutiwa dawa.

"Umesahau kupanda, dada," mwenzake, waliyemwita Kipara, alimtania.

"Nilipanda. Si uliniona?"

Ndani ya kabati tupu, kitu kikakohoa.

Kipara aliacha kucheka. "Umesikia?"

"Usiniulize."

Kikohozi kikageuka pumzi, na pumzi ile nzito, ya mtu aliyeamshwa usingizini, ikapanda na kushuka mpaka vioo vya madirisha vikaanza kutetemeka, udi ukawakaba koo, na wote wawili, migongo ukutani, wakaisikia sauti ya mwanamume mzee ikiuliza polepole: "Nani kaisaga nyumba yangu?"

Mama mdogo alipopigiwa simu alifika mbio. Akaketi sakafuni mbele ya kabati, akasema kwa unyenyekevu, kama anayemwomba radhi mkwewe. "Ni mimi niliyekata gome bila kupiga hodi. Utusamehe. Tutarudisha lote." Akamgeukia mtoto wa dada yake. "Lote liko hapa?"

"Lote. Ila lile nililompaka mama jana." Machozi yalimlengalenga. "Madaktari wanataka kuukata mguu, mama mdogo. Ningefanyaje?"

Pumzi ilikatika ghafla. Harufu ikatoweka.

"Amenyamaza," Kipara alinong'ona, akishusha pumzi.

"Amehama," mama mdogo alisema, akiinuka.

Walipofika nyumbani, walimkuta mama jikoni, amesimama kwa miguu yote miwili, yeye ambaye kwa miezi alikuwa akibebwa hadi bafuni. Alikuwa amewapa mgongo. Kidonda kilikuwa kimefunga, ngozi laini kama ya mtoto.

"Mama?" binti aliita.

"Mama yako amelala," ilijibu sauti nzito ya kiume, kwa upole. "Msimwamshe."