Kaburi Katika Migomba

Tabitha alikuwa na miaka kumi na miwili. Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule ya misheni, alichota maji kwenye mfereji ulioteremka kutoka Mlima Meru. Enzi hizo Waingereza walikuwa wakitawala Tanganyika. Baba yake, Eliasi, alilima kahawa na migomba, na alikuwa mzee wa kanisa la Kilutheri. Mama yake, Susana, alikuwa na desturi ya kuwapeleka wagonjwa kwenye zahanati ya misheni.

Ng'ambo ya mfereji, katika kibanda cha nyasi, aliishi mjane aitwaye Naeku. Ukame ulikuwa umemaliza ng'ombe wao huko nyikani, magharibi ya mlima, na mumewe alikuwa amefariki. Alikuja na mtoto wake mchanga, Lerionka, akapata kibarua cha kuchuma kahawa katika shamba la mzungu. Hakujua Kimeru, lugha ya wenyeji, ila Kiswahili kidogo tu, na kanisani hakuwahi kuingia. Watu hawakumtukana, walimpita tu.

Ijumaa moja kabla ya Krismasi, Naeku alimsubiri Tabitha mferejini. Tabitha alimwamkia.

"Marahaba," alijibu Naeku. "Mtoto ana moto. Hanyonyi. Mwambie mama yako aje."

Tabitha aliahidi kusema. Lakini akiwa njiani alikumbuka kwamba siku hiyo mwalimu wa kwaya angemchagua atakayeimba peke yake sikukuu. Alijua mama akienda kwa Naeku angemwambia abaki nyumbani na wadogo zake. Akajiambia kwamba homa za watoto huja na kupita, na kwamba angesema jioni. Alifika nyumbani, akatua maji, akanyamaza.

Jioni alirudi akiwa amechaguliwa. Alipomweleza mama yake habari za Naeku, mama aliacha sufuria jikoni akatoka mbio, Tabitha nyuma yake. Walimkuta Naeku ameketi mlangoni, amempakata Lerionka ndani ya shuka. Mtoto alikuwa amekwisha kufa.

Kesho yake wazee wa kanisa walikutana. Walimhurumia Naeku, lakini walisema makaburi ya kanisa ni ya waliobatizwa. Eliasi naye alirudi nyumbani akisema hivyo hivyo, huku akitazama chini.

"Basi tumzike mtoto hapa kwetu, migombani," alisema Susana. "Au migomba nayo imebatizwa?"

Eliasi alichukua jembe, akaenda kuchimba yeye mwenyewe. Majirani wachache walikuja, na Eliasi akaomba kwa sauti iliyokatika mara mbili.

Tabitha hakuweza kuvumilia tena. Walipomaliza kufukia, aliwaambia wazazi wake kwamba alipewa ujumbe asubuhi ya Ijumaa, akauficha kwa ajili ya kwaya. Baba yake aliinamisha kichwa. Mama alimshika mkono, akampeleka kwa Naeku ayaseme hayo mbele yake.

Naeku alimsikiliza hadi mwisho. "Siku ile niliwasikia mkiimba," alisema taratibu. "Nikajua hakuna anayekuja."

Tabitha alilia, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Susana alimchukua Naeku akaishi nao. Tabitha alimwomba mwalimu ampe mwenzake nafasi ile ya kuimba. Kila asubuhi alimpelekea Naeku uji. Majuma mengi Naeku aliupokea bila kumtazama. Siku moja alimwonyesha mahali pa kukaa karibu naye, wakanywa pamoja.

Usiku huo Tabitha alimuuliza mama yake kama Lerionka angepona iwapo angesema mapema.

"Sijui, mwanangu, na sitakudanganya," alijibu Susana. "Huenda angekufa hata hivyo. Lakini mama yake asingekaa naye peke yake kutwa nzima. Na kosa si lako peke yako. Mimi nilipita mbele ya kibanda kile kila Jumapili, nimebeba kitabu cha nyimbo, na sikuwahi kubisha hodi. Bwana Yesu alisimama kwa watu ambao wengine waliwapita. Tukimwimbia yeye huku tunampita jirani, bado hatujamfuata."

Tabitha alijifunika shuka. Katika chumba cha pili, Naeku alikuwa bado akilia polepole. Susana aliinuka, akaenda kukaa naye.