Turubai la Mama Jerusha

Kila Jumamosi asubuhi Liz alipita ufuoni Muhuru Bay akienda kuchota maji, na kila Jumamosi alikuta omena, wale dagaa wa ziwani, zimeanikwa juu ya neti. Siku hiyo hakuchota maji. Alijaza ndoo omena za Mama Jerusha, mchuuzi wa hapo ufuoni, ili akauze, anunue viatu. Turubai la kuzikinga na mvua lilikuwa kando. Alilichukua pia, afunikie ndoo.

Saa nane mvua ilinyesha. Mama Jerusha alikimbia, akatafuta turubai asilione. Omena zote zilizobaki zikaharibika.

Jumapili jioni polisi walimkamata Levis, mvulana wa miaka kumi na tano aliyewahi kuiba betri ya mashua. "Nani mwingine?" Mama Jerusha aliwaambia polisi, na watu wakakubali.

Liz aliposikia, chakula kilimshinda. Alimweleza mama yake ukweli, na Jumatatu asubuhi wakaenda kituoni, Liz amejitwika turubai.

"Madam, si Levis. Ni mimi," alimwambia Bi Maroa, afisa wa watoto. "Nitapelekwa kortini?"

"Umekubali kosa bila kulazimishwa, na mzazi wako yupo. Sheria inaturuhusu tumalize jambo hili hapa, Mama Jerusha akikubali. Akikataa, faili itaenda kwa hakimu."

Mama Jerusha aliitwa kituoni, akalichukua turubai lake.

"Huyu akifungiwa, omena zangu zitarudi?" aliuliza. "Aje Jumamosi nane tuanike pamoja. Lakini kwanza amwombe yule kijana msamaha."

Levis aliletwa, macho chini. Liz alimwomba msamaha huku akilia.

"Nilisema si mimi," Levis alijibu. "Hakuna mtu alinisikiza."

Bi Maroa alimgeukia. "Ni kweli, Levis. Hata sisi tulikukosea. Tusamehe."

Jumamosi nane zilipita, na Liz hakukosa hata moja. Bi Maroa alikuja ufuoni kumwambia kwamba faili imefungwa.

"Sasa uko huru," alisema.

Liz alitazama ziwani. Wingu jeusi lilikuwa linakuja. Alikimbilia turubai, akashika pembe moja. Levis, aliyekuwa akiosha mashua karibu, akaja akashika nyingine.

"Samaki mkunje angali mbichi," Mama Jerusha alisema akiwatazama. "Lakini mkunje aliyekosa, na umkunje polepole. Mimi nusura nimvunje asiye na hatia."