Kiatu cha Kushoto

Nyumba yetu iliamka kwa harufu ya mkate. Shangazi alikuwa mwokaji, na tanuri lake lilikuwa uani, hatua chache kutoka kitandani kwangu. Alikuwa ameshaoka mikate sitini kabla mimi sijafumbua jicho. Halafu ilianza kazi yangu: kuoga, kunywa chai, kutafuta kiatu, kukimbia, kuchelewa. Wenzangu waliniita Konokono, nami sikuwa na la kujitetea.

Lakini mimi ndiye niliyepiga ngoma kubwa ya bendi ya shule, na hakuna kitu duniani nilichokipenda zaidi. Mwalimu wa bendi alinipa wiki mbili. Kama ningeendelea kuchelewa mazoezi ya asubuhi, alisema, ngoma angeipata mwingine.

Jumatatu nilijifunga kibwebwe. Niliamka alfajiri, sikuoga, niliacha chai, nikapita njia ya mkato ambayo sikuizoea. Nilizama kwenye tope hadi magotini. Niliporudi kubadilisha soksi nilichelewa kuliko siku zote.

Jioni nilimsimulia shangazi, naye akacheka mpaka akafuta machozi kwa aproni.

“Mwanangu, mkate ukinigomea kuumuka, sibadilishi unga, maji na moto siku moja,” alisema. “Nitajuaje kosa lilikuwa wapi? Nabadilisha kimoja, naoka, natazama.”

Alinionyesha alama zake za chaki ukutani, kando ya tanuri, vema kwa mkate ulioumuka na kosa kwa uliogoma, akanigawia kipande cha chaki na nafasi yangu.

Siku mbili nililala mapema. Nikachora kosa, na kosa tena. Siku mbili nilioga jioni badala ya asubuhi. Makosa mengine mawili. Nililia, maana niliiona ngoma yangu ikienda hivihivi.

Shangazi hakuona msiba wowote. Alisema tumeshajua vitu viwili visivyo na hatia. Jumamosi akanitaka niifanye asubuhi yangu yote upya, kuanzia kitandani hadi mlangoni, yeye akitazama saa. Kuoga, dakika sita. Chai, dakika tano. Kiatu cha kushoto, dakika kumi na saba!

Mdogo wangu, mwenye miaka mitatu, alikuwa amekifanya lori. Kila jioni alikipakia makombo ya mkate na kukiegesha anapojua mwenyewe.

Tuliviweka viatu juu ya rafu ya unga, asikofika dereva. Jumatatu nikachora vema. Jumanne vema. Ijumaa mwalimu wa bendi alinikuta nimekaa mlangoni pa chumba cha mazoezi na fimbo zangu za ngoma. Aliitazama saa yake, akaitikisa, akaiweka sikioni. Siku hiyo nilipiga ngoma kwa furaha hadi mikono ikauma.

Shangazi aliposikia, alimwokea mdogo wangu mkate wenye umbo la lori.

“Ulijiona mzembe, kumbe ulikuwa hujajichunguza,” aliniambia. “Ukitaka kujirekebisha usijigombeze. Jaribu jambo moja dogo, uone linaleta nini, ndipo ujaribu lingine.”

Nilimtazama mdogo wangu. Lori lake la mkate lilikuwa limebaki magurudumu mawili, na alikuwa anakitazama kiatu changu cha kulia.