Kamera Iliyozima Kila Jumamosi

Jumamosi ile nilikuwa nataka kupumzika tu. Nilikuwa nimeshavua mabuti na kuweka miguu karibu na jiko, Marlys Pelkonen akapiga simu kutoka mjini Duluth.

"Arvid, ile kamera ya sauna inaleta visa tena."

"Imezima?"

"Bado. Itazima saa kumi na moja na nusu jioni. Kila Jumamosi, saa hiyo hiyo. Siku nyingine haina neno."

Nikacheka. Hiyo ndiyo kazi yangu, miaka kumi na minne sasa: kufunga mitandao na kamera za ulinzi kwenye nyumba za watu huku kwetu Keweenaw, kaskazini kabisa mwa Michigan. Nimeshakuta Wi-Fi iliyozuiwa na friji. Nimeshakuta iliyozuiwa na tangi la samaki. Lakini mashine inayoijua Jumamosi, hiyo sikuwahi kuiona.

"Cheka tu," akasema. Tulisoma darasa moja, kwa hiyo hana adabu na mimi hata kidogo. "Wewe tangu shule hujawahi kumaliza kitu siku uliyoambiwa. Leo umalize. Mama ana miaka themanini na moja, yuko peke yake kule msituni. Tulikubaliana, kamera zikifanya kazi anabaki kwake. Zisipofanya, kesho nakuja kumchukua, nimpeleke nyumba ya wazee. Sitanii, Arvid."

Nikavaa mabuti.

Nilifika saa tisa. Theluji ilikuwa imefika madirishani. Bibi Aune, mama yake Marlys, alinifungulia mlango, akanitazama, akatazama begi langu la vifaa.

"Umetumwa na Marlys."

"Ndiyo, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Ingia unywe kahawa. Hiyo kamera haina ubaya. Iache."

Akanikatia mkate wa iliki, ule mtamu wa kusuka, akasimama dirishani kunipa mgongo. Nje, hatua arobaini hivi kutoka jikoni, ilikuwepo sauna yao. Kila shamba la kwetu lina sauna: kibanda cha mbao, ndani jiko la kuni lenye mawe juu yake. Unawasha, unayamwagia mawe maji, unakaa kwenye mvuke mpaka uchovu wote ukutoke. Jumamosi ndiyo siku yake. Lakini bomba la moshi la sauna ya Bibi Aune lilikuwa limefunikwa na theluji mpaka juu. Mumewe, Mzee Reino, alifia mle ndani majira mawili ya baridi yaliyopita. Tangu siku hiyo jiko lile halijawashwa.

Nikaanza kazi. Niliizima ruta, kile kisanduku kinachorusha mtandao, na kuiwasha. Nikaitoa nyuma ya friji, nikaiweka juu ya kabati karibu na dirisha. Nikabadilisha masafa. Kamera ya mlango mkubwa, safi. Kamera ya gereji, safi. Ya sauna, safi pia. Mawimbi yanafika bila shida, picha inang'aa.

Nikatoka kwenda kuiangalia yenyewe. Ilikuwa imefungwa ukutani, pembeni ya mlango, kwa upande wa bawaba. Waya wa umeme mzima. Nikasema labda ndani kuna kitu. Nikainua komeo la mbao, nikauvuta mlango, ukafunguka kwa nje mpaka ukagota ukutani.

Simu yangu ikalia. Kamera imepoteza mtandao.

Nikaufunga. Kamera ikarudi.

Nikaufungua. Ikapotea.

Nikagonga ule mlango kwa kifundo cha kidole, nikaelewa. Sauna zetu huwekwa karatasi ya alumini ndani ya kuta, kama ile ya kufungia chakula, ila nene, ili joto lisitoke. Na mlango wa Mzee Reino ulikuwa nayo pia. Ukifunguliwa wote, unaifunika kamera kama ngao, mawimbi ya ruta yanagonga na kurudi.

Nilirudi jikoni nikicheka mwenyewe.

"Bibi, nimemkamata mchawi wako! Ni mlango tu. Mtu akiufungua, kamera inazima."

Bibi Aune hakucheka.

"Sasa sema," akaninong'oneza, "nani anaufungua?"

Nikafungua mdomo kujibu. Nikakumbuka theluji mbele ya ile sauna wakati naifikia. Ilikuwa laini kama shuka iliyopigwa pasi. Haikuwa na alama hata moja, isipokuwa za mabuti yangu.

"Labda upepo," nikasema.

"Labda."

Lakini komeo lilikuwa la nje. Upepo hauinui komeo.

Hata hivyo nilikuwa nimekuja kufanya kazi, na kazi ilikuwa rahisi. Kama mawimbi yanazuiwa, unaachana na mawimbi, unavuta waya. Nilikuwa na waya wa kutosha kwenye gari. Nilipoanza kuupitisha kwenye nguzo za kamba ya kuanikia nguo, Bibi Aune alitoka bila koti akanishika mkono.

"Usiuvute, mwanangu. Nakuomba."

"Bibi, nisipouvuta, kesho unahamishwa. Marlys kaapa."

Aliutazama ule waya. Aliitazama nyumba yake. Kisha akaniachia mkono, akarudi ndani polepole.

Nikauvuta. Nikachomeka upande wa ruta, nikachomeka upande wa kamera. Nikajaribu kuufungua mlango mara tatu. Picha haikutikisika.

Saa kumi na moja na dakika ishirini nilikuwa nimekaa mezani na Bibi Aune, simu yangu imeegemezwa kwenye kopo la sukari. Nilitaka kuona saa inapita, nimtumie Marlys ujumbe kwamba kazi imekwisha, niende zangu. Nje mwanga ulikuwa umegeuka kuwa wa bluu.

Saa kumi na moja na dakika ishirini na nane... nikasikia harufu. Moshi wa kuni. Halafu sabuni, ile nyeusi ya lami ya msonobari waliyokuwa wakiogea wazee.

Nikatazama bomba la sauna kupitia dirisha. Theluji bado imelifunika.

"Umewasha jiko, Bibi?"

Akatikisa kichwa.

Kwenye simu, komeo likainuka.

Lenyewe.

Mlango ukafunguka taratibu, kwa nje, ukaja ukaiziba kamera. Na kamera haikuzima. Ile kazi yangu nzuri ikafanya kazi. Tukabaki tunatazama giza la ubao wa mlango, na kipaza sauti cha kamera kinatuletea kila kitu.

Maji juu ya mawe. Tssssss...

Pumzi. Ya mtu mzito.

Halafu sauti ya kiume, ya chini, ya mtu aliyetulia kabisa.

"Aune..."

Bibi Aune akashika ukingo wa meza.

"Aune... mgongo."

Nikanyoosha kidole nibonyeze kitufe cha kusemea. Kamera zile zina spika. Ukisema kwenye simu, unasikika kule. Nilitaka kuuliza nani yuko pale. Bibi Aune alinipiga kofi mkononi, kwa nguvu nisizomdhania.

"Usiitikie!"

Machozi yalikuwa yanamshuka.

"Miaka hamsini na miwili nilimsugua mgongo," akasema kwa sauti ya chini. "Kila Jumamosi. Akishaoga ananiita, naenda. Siku ile tulikuwa tumegombana. Upuuzi tu, mambo ya kuuza ng'ombe. Akaniita. Nikanuna. Akaniita tena, nikasema leo ajisugue mwenyewe. Mara ya tatu sauti yake ilikuwa... haikuwa nzuri, Arvid. Niliisikia haikuwa nzuri. Nikaongeza sauti ya redio."

Akajifuta machozi kwa kiganja.

"Nilipokwenda, alikuwa amekaa, ameegemea ukuta, macho wazi. Tangu hapo kila Jumamosi ananiita. Ilikuwa sauti ndogo, ya mbali, naweza kuizima na redio. Leo umemleta mpaka mezani kwangu."

"Aune," ikasema simu. "Maji yanapoa."

Akasimama. Akachukua taulo, akachukua ndoo na kile kitambaa cha kusugulia. Nilipaswa kumzuia. Nimelirudia jambo hili mara nyingi kitandani, na kila mara najiona nikisimama na kumzuia. Lakini siku ile sikusimama. Nikabaki kwenye kiti.

Nilimwona kupitia dirisha akifika. Akazunguka mlango, akaingia. Mlango ukafungwa nyuma yake.

Dakika moja. Tatu. Sauti ya kitambaa... shwaa, shwaa... na mtu anaguna kwa raha.

Dakika ya saba, kuguna kukakoma. Nikasikia Bibi Aune akisema neno moja tu.

"Hapana."

Hapo ndipo niliposimama. Nilikimbia bila kofia. Nikaushika mlango, ukakataa, kama kuna mtu anaushikilia kwa ndani. Nikavuta kwa mikono miwili. Ukaachia ghafla nikaanguka chali.

Bibi Aune alitoka. Mvuke ulimtoka mabegani. Nyuma yake niliona chumba kitupu. Juu ya mawe ya jiko kulikuwa na barafu, nyeupe, nene. Kuni zile zile za miaka miwili, hazijaguswa.

Nilimshika mkono kumsaidia nikauachia haraka. Mikono yake ilikuwa ya moto. Ilikuwa myekundu mpaka kwenye viwiko, kama iliyotolewa kwenye sufuria.

Jikoni aliitumbukiza mikono kwenye beseni la maji baridi.

"Reino alikuwa na kovu," akasema. "Msumeno ulimkata bega la kushoto kabla hatujaoana. Vidole vyangu vinalijua kovu lile kuliko vinavyojua uso wangu."

"Ndiyo, Bibi."

"Mgongo ule hauna kovu, Arvid. Laini. Laini kama wa mtoto mchanga. Nikaupandisha mkono nitafute shingo... sikuifikia shingo."

Akanigeukia.

"Sijui nimemsugua nani."

Usiku huo alilala nyumbani kwetu. Sikuwa nimemtumia Marlys ule ujumbe wa kazi kwisha; asubuhi alipofika kwa ubishi wake wote, akakuta mama yake ameshafunga sanduku mwenyewe. Kabla hajaingia kwenye gari, Bibi Aune alinivuta pembeni.

"Uende ukaukate ule waya. Leo."

"Nitaukata, Bibi."

Sikuukata. Jumapili ile ilishuka theluji ya kimo cha mtu. Jumatatu nilikuwa na kazi mjini Calumet. Jumanne nikajiambia kesho. Ukweli ni kwamba niliogopa kuikaribia ile nyumba, na nilijua Marlys ameacha mtandao uwake ili aichunge mpaka watakapoiuza. Nikajiambia hatasikia kitu, mtu mwenyewe aliyekuwa akiitwa kaondoka.

Wiki ya tatu, Jumapili asubuhi, nikakuta ujumbe wa sauti wa Marlys kwenye simu. Alikuwa analia na kucheka pamoja.

"Arvid, jana jioni nimemsikia baba. Kwenye kamera ya sauna. Baba yangu kabisa! Aliniita jina langu la utotoni. Wewe ulijua? Mama alijua? Nimembonyezea kile kitufe nikamwitikia. Nimemwambia anisubiri, nakuja. Niko barabarani."

Nilipiga. Haikupokewa. Nikapiga tena na tena nikiendesha.

Gari lake lilikuwa uani, boneti imeshapoa. Alama za viatu vyake zilikwenda moja kwa moja mpaka sauna. Mlango ulikuwa wazi. Marlys alikuwa amekaa kizingitini, kwenye baridi ya kugandisha mate, mikono ya sweta ameikunja. Mikono yake ilikuwa myekundu mpaka kwenye viwiko.

"Marlys. Twende."

Aliniinulia uso. Sijawahi kumwona ametulia vile, hata tulipokuwa watoto.

"Niende wapi? Alikuwa mpweke tu, maskini. Hakuwa na wa kumsaidia."

"Yule si baba yako. Mama yako alimgusa. Kovu—"

"Baba anakushukuru sana kwa waya," akasema. "Anasema zamani alikuwa anaita, hafiki mbali."

Nyuma yake, ndani, mtu mzito akavuta pumzi.

Nilikimbia. Sioni haya kusema. Nilirudi mchana na naibu wa sherifu na mchungaji wetu. Marlys akatufungulia mlango wa nyumba akiwa amejifunga aproni, akatukaribisha kahawa. Sauna ilikuwa tupu na baridi. Naibu akanitazama kwa jicho baya. Mtu mzima amehamia kwenye nyumba ya wazazi wake. Kosa liko wapi?

Anaishi pale mpaka leo. Kazi yake ya Duluth ameacha. Mwezi uliopita alinipigia, akaniuliza kwa upole kama ninaweza kumwekea spika kubwa zaidi nje, zisikike mpaka barabarani. Nilimwambia sifanyi tena kazi hizo.

Bibi Aune hupiga simu kutoka kule nyumba ya wazee. Anauliza habari za watoto, za theluji, za bei ya kahawa. Juzi akauliza kwa kunong'ona:

"Arvid, umemwona Marlys? Mikono yake ikoje?"

Nilimsikia vizuri kabisa. Nikamwambia mtandao ni mbaya, maneno yanakatika, nikakata simu.