Saa Moja Iliyopotea Mpakani

Land Cruiser ilikuwa ikila lami Mwewe alipoiona saa ya ukutani pale kituo cha mafuta.

Saa kumi na dakika kumi.

Akatazama simu ya idara yao ya ujasusi. Kwa amri ya wakubwa, simu hizo husoma saa za nyumbani popote uendapo. Saa nane na dakika kumi. Nchi hii jirani huwa mbele ya kwao kwa saa moja tu, si mbili.

Akabonyeza redio.

"Shemeji, ile programu yako ya misheni. Tofauti ya saa umeiandikaje?"

"Nimejumlisha moja. Kwani vipi?"

"Huku wamesogeza saa mbele leo alfajiri. Wameanza saa za kiangazi."

Redioni vidole vikaanza kugonga kibodi.

Fundi huyo wa programu alikuwa amemuoa mdogo wake Mwewe. Na mdogo wake ndiye aliyejipenyeza kwa wauza silaha, akajifanya karani wao. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: malori yanatoka saa kumi za huku, nichukueni getini. Programu ikamwambia Mwewe afike saa tisa za nyumbani, ambazo leo ni saa kumi na moja za huku.

"Ningeandika jina la mji, kompyuta ingetafuta yenyewe," shemeji alisema. "Nikaona hiyo ni kazi ya bure. Mke wangu yuko getini, shemeji."

"Najua aliko."

Mwewe akakanyaga mafuta mpaka mwisho.

Alipofika, malori hayakuwa yametoka. Mdogo wake alipoona kaka hatokei na mzigo unaondoka, aliingiza forklift, gari la kunyanyulia mizigo, katikati ya geti, akaizima. Walinzi wakampiga risasi akiwa kwenye usukani.

Bastola ya Mwewe, Beretta, ikalia mara mbili. Mlinzi mmoja akaanguka. Tairi la lori la mbele likapasuka.

Waliobaki wakatupa bunduki.

Mwewe akapanda kwenye forklift alipokuwa mdogo wake. Alikuwa bado anapumua.

"Kaka, si nilisema saa kumi?"

"Ulisema, mdogo wangu. Kosa ni letu."

Akakata roho mkono wake ukiwa mkononi mwa kaka. Mwewe alilia mbele ya mateka wake, na wala hakuona haya.

Simu ikaita.

"Shemeji, nimeirekebisha. Sasa inahifadhi saa za huko pamoja na jina la mji. Wabadilishe wanavyotaka, haitakosea tena. Mwambie mke wangu akirudi anigombeze mpaka achoke."

Mwewe akachomeka bastola kiunoni, akafunga koti juu ya shati lenye damu.

"Nakuja kwako, shemeji. Usiwe peke yako. Mwite mama yako."

Akakata simu, akatembea kwenda garini bila haraka.