Fundo la Mbuzi

Kuanzia milima ya Berega mpaka mbuga za Mikumi, hajapata kutokea kijana aliyeyajua maji kama Hezekia. Maji yenyewe yalimjua. Akikanyaga ukingo wa mto, mto ulijisogeza kumpisha. Ukitaka shahidi muulize Hezekia mwenyewe, kwa sababu mwingine hayupo.

Jumamosi moja ya Oktoba, mwaka 1970, alikuwa amesimama stesheni ya Kilosa katika suruali ya bugaluu ya kahawia iliyofagia vumbi, na shati la maua lenye kola pana kama masikio ya tembo. Treni ya kutoka Dar es Salaam ilikuwa imeingia. Wauza mayai ya kuchemsha walikuwa wakigombea madirisha, mizigo ikishuka, kuku wakilalamika ndani ya matenga, lakini macho ya watu wote yalikuwa kwenye behewa la mwisho, lile lisilo na paa. Juu yake ilikuwa imelala mashua nyeupe yenye mstari wa buluu na viti vinne vyekundu, imenyamaza kama bibi harusi aliyeteremshwa kwenye nyumba siyo.

Mashua ile iliagizwa na meneja wa zamani wa shamba moja la katani upande wa Mikumi, ili apunge upepo bwawani siku za Jumapili. Shamba likataifishwa, meneja akaenda zake, mashua ikachelewa huko ilikochelewa, na sasa ilikuja kwa jina la shamba, na shamba ni mali ya umma. Kamati ya wafanyakazi ilikaa saa nne nzima kujadili kama kupunga upepo ni ubwanyenye. Mwenyekiti wao, Mzee Melkizedek, alikata ubishi kwa kusema kwamba ubwanyenye ni mtu mmoja kupunga upepo wa watu mia nne. Watu mia nne wakiupunga kwa zamu, huo ni ujamaa. Mashua ikapewa jina la Jasho Letu. Ndipo alipouliza nani anajua mambo ya vyombo vya majini, na Hezekia, fundi wa karakana, mzaliwa wa mlimani, akanyoosha mkono. Akasema amewahi kufanya kazi bandari ya Tanga.

Bandari ya Tanga alikuwa ameiona kwenye kalenda.

Basi akapewa kazi. Aitafutie mashua mahali pa kukaa, aivalishe kila inachohitaji, na Sikukuu ya Uhuru, tarehe tisa Desemba, wafanyakazi wapande.

"Kaka, mashua haina makasia hiyo," sauti ilisema nyuma yake. "Mtaisukuma kwa dua?"

Hezekia aliijua sauti ile kabla hajageuka. Wilaya nzima iliijua. Ndiyo iliyosema "Namba tafadhali" kila ulipozungusha mkono wa simu. Hakuwahi kufikiri kwamba ilikuwa na uso, tena uso kama ule, na gauni la kijani lililobana kiuno, na viatu vya mchuchumio vilivyokanyaga kokoto za stesheni kama vinazionea huruma.

"Wewe ni Posta Kilosa," alisema.

"Mimi ni Letisia. Posta ni nyumba."

"Wewe ndiye unayeniambia kila wiki kwamba laini ina shughuli."

"Ina shughuli kwa sababu watu wa mlimani mnasalimiana mpaka mbuzi wa jirani." Akaizunguka mashua, akaigonga ubavu kwa vidole kama anayebisha hodi. "Mlimani kwenu mnaoga kwa kikombe. Nani kakupa chombo?"

Alikuwa mtu wa Ifakara, na papo hapo akatangaza kwamba kuanzia siku ile Hezekia ni mtani wake, apende asipende. Hezekia alipenda. Akamweleza habari za Tanga: meli, makuli, mabaharia, na jinsi yeye alivyofunga vyombo vikubwa kuliko stesheni ile. Letisia alimsikiliza, akaamini yote. Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika.

Wiki zilizofuata Hezekia alitafuta mahali pa kuegesha, na kila alipofika alipiga simu Kilosa, eti kuripoti. Alianza na mto Mkondoa, akakuta maji ya kifundo cha mguu na akina mama wanaofua, ambao walimshauri aitie magurudumu. Akaenda Mikumi, akaliona dimbwi tulivu lenye kivuli, zuri mno, akashangaa kwa nini hakuna mtu aliyewahi kulitumia. Askari wa hifadhi alimwambia lina wapangaji. Mmoja wa wapangaji akainua kichwa, akapiga mwayo, na Hezekia akahesabu meno manne tu, maana mengine aliyahesabu akiwa anakimbia.

"Ulikimbia kiboko?" Letisia alicheka kwenye simu mpaka waya ukakwaruza.

"Sikukimbia, mpenzi. Nilimwachia."

"Nani mpenzi wako?"

"Laini ina shughuli," Hezekia alisema, akakata.

Mwisho alirudi kwenye bwawa la shamba, ambalo lilikuwa mbele ya macho yake tangu mwanzo. Hapo alifanya kazi, na kazi aliijua. Alisimamisha gati la mbao kwenye nguzo nene. Alitengeneza maboya kwa boriti kavu za mkonge, nyepesi kama kizibo, akazifunga matitamatita. Makasia yalichongwa Mikumi kwa mninga. Letisia alishona mito ya viti na kipande cha turubai cha kukinga jua, akavipeleka kwa treni Jumapili moja, akashinda gatini ameloweka miguu majini huku Hezekia amekaa hatua tatu kutoka ukingoni, akisema anapenda kutazama mandhari kwa mbali. Jua lilipoelekea milimani, Letisia alimpa kipande cha muwa alichokuwa akikitafuna mwenyewe. Baada ya hapo hakuuliza tena nani mpenzi wake.

Siku mashua ilipoingia majini, Hezekia aliifunga kwa kamba mpya ya katani, nene kama mkono wa mtoto, mbele na nyuma, chini kabisa ya nguzo. Akapiga simu kutangaza.

"Umeacha kamba ndefu kiasi gani?" Letisia aliuliza.

"Sikuacha hata shubiri. Nimekaza mpaka inalia. Haitoki hapo."

Letisia alicheka sana. "Mtani, utaniua. Baba akija nitamsimulia hiyo."

Hezekia naye akacheka, ingawa hakujua wanacheka nini. Letisia aliuchukua uongo wa Tanga kuwa ukweli, na ukweli wa kamba kuwa utani. Ndiyo shida ya kupendana kwa utani. Hakuna anayejua saa ya kuacha.

Kisha Letisia akasema jambo ambalo halikuwa la kucheka. Baba yake, Mzee Kornelio, angefika kabla ya Uhuru kumwona mwanamume aliyekuwa akiandikiwa habari zake kwenye barua. Alikuwa mchonga mitumbwi wa mto Kilombero. Hajali kabila, hajali shamba wala ng'ombe. Mchumba wa kwanza wa Letisia alimfukuza kwa sababu moja tu, alimkamata akidanganya.

"Nimemwambia wewe ni mtu wa bandari," alisema. "Amefurahi."

Hezekia akarudisha simu mahali pake.

Mvua za vuli zikaja kwa hasira. Zilipiga Ijumaa na Jumamosi, na maji ya milimani yakateremka bwawani. Jumapili asubuhi Hezekia alifika gatini akakuta maji yamepanda kimo cha kifua juu ya alama yake, na mashua haipo. Alipoinama aliiona. Maji yalipopanda ilitaka kupanda nayo, kamba ikaikatalia, maji yakaingia juu ya ubavu, na sasa Jasho Letu lilikuwa limekaa chini ya maji palepale lilipofungwa, viti vyekundu vikionekana kama samaki wakubwa. Kwa kweli haikutoka hapo.

Akapiga simu. Alipomwambia Letisia mashua imezama kwenye fundo lake mwenyewe, Letisia alicheka.

"Sitanii," Hezekia alisema. "Nilikuambia nimeifunga fupi. Ulijua, ukaniacha ili unicheke."

"Nilidhani unatania. Mtu wa bandari gani anafunga chombo kama..." Akajikatiza. "Hezekia. Tanga ulifanya kazi gani?"

Hezekia akakata simu. Si laini iliyokuwa na shughuli.

Siku ile hakula. Mzee Melkizedek alikuja gatini, akatazama maji, akasema kwa upole kwamba wafanyakazi mia nne wameshafua nguo za Uhuru. Hilo lilimuumiza Hezekia kuliko matusi, lakini lililomsumbua zaidi ni sauti moja ambayo kesho yake angelazimika kuisikia tena kila anapotaka kuzungumza na mtu yeyote duniani.

Jumatatu alizungusha mkono wa simu.

"Namba tafadhali," sauti ilisema, baridi kama bomba.

"Nataka Letisia."

"Hakuna namba hiyo."

"Basi nipatie Ifakara. Nizungumze na baba yako."

"Umwambie nini?"

"Kwamba sijui kuogelea. Kwamba bandari ya Tanga nimeiona kwenye kalenda, ukutani kwa mwalimu wangu. Kwamba mashua nimeifunga kama mbuzi, kwa sababu kwetu nimefunga mbuzi tu, na mbuzi ukimwachia kamba ndefu anakula mahindi ya jirani. Nilikudanganya siku ya kwanza ili unitazame. Halafu ukanitazama, nikaogopa ukiacha."

Laini ile ilipita kwenye ofisi tatu na stesheni mbili, na watu wote walikuwa wameinua simu zao. Mmoja akakohoa. Mwingine akamwambia anyamaze.

"Una kisu cha kukatia katani?" Letisia aliuliza hatimaye.

"Ninacho."

"Kinoe. Baba amefika jana. Kesho nakuja naye."

Walishuka stesheni ya Mikumi Jumanne, na kabla ya saa sita walikuwa bwawani. Mzee Kornelio alikuwa mtu mfupi, mabega mapana, kofia ya ukindu. Hezekia aliinamisha kichwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye wa bandari?"

Letisia alitazama pembeni. Hezekia aliona kwamba mlango ulikuwa umeachwa wazi makusudi. Angeweza kusema ndiyo.

"Hapana, mzee. Mimi ni wa mbuzi."

Mzee Kornelio alichuchumaa gatini, akapapasa kamba ndani ya maji. "Fundo zuri," alisema. "Mbuzi huyu hatoroki." Kisha akaanza kuvua shati. Hezekia akamwomba asishuke. Aliyefunga, alisema, ndiye atakayefungua.

Alijifunga matita mawili ya boriti kifuani, akauma kisu, akashuka kwa kushikilia nguzo. Maji yalimfika kidevuni. Alikata kamba ya nyuma kwa ushujaa mkubwa. Alikata kamba ya mbele kwa ushujaa mkubwa zaidi. Mashua iliyoachiliwa ikajiinua ghafla, ikampiga bega, na Letisia akaingia majini kidogo kumsindikiza. Kisha wafanyakazi wakashuka na ndoo, wakachota maji na kuyamwaga nje mpaka saa kumi, na Jasho Letu likaelea. Mzee Kornelio mwenyewe alilifunga, kwenye boya, akaacha kamba ndefu ikicheza. Alimwonyesha Hezekia mara tatu. Mara ya nne akamwita mwanangu.

Siku ya Uhuru bendera zilipepea gatini, ngoma zikalia, na watu wakapanga foleni na nguo zilizopigwa pasi. Mzunguko wa kwanza Mzee Melkizedek aliwapa vijana wawili. Letisia alivaa gauni la kijani lilelile. Hezekia alikaa mbele yake, akashika makasia kwa mikono imara, akapiga maji taratibu, mashua ikateleza mpaka katikati ya bwawa. Hapo akayaacha makasia, akamtazama, na kwa sauti isiyotetemeka hata chembe akamwambia, "Letisia wangu, nakuomba tuoane."

Nilikuwa nimefika hapo, nimeridhika na kalamu yangu, mkono ulipotua begani. Kumbe Letisia alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe cha chai tangu kwenye habari za kiboko.

"Baba Beda," alisema, akiniita kwa jina la mwanetu. "Niliingia majini kidogo kukusindikiza?"

Nikasema hiyo ni lugha ya vitabu.

"Nilikushika kola nikakuvuta ukiwa umefumba macho, unaimba wimbo wa kwaya. Haya. Siku ya Uhuru makasia alishika nani?"

"Wewe."

"Aliyesema tuoane?"

Nikatafuta kifuniko cha kalamu. Hakikuwepo mahali popote.

"Na hujaandika," alisema, akiniwekea chai mezani, "kwamba kabla hatujaondoka gatini ulijifunga kiuno kwenye kiti cha mashua. Mpaka leo sijui uliipata wapi kamba fupi namna ile."