Vidonge vya Mama Annonciata

Kila alasiri, akitoka shuleni, Léonie aliteka maji ziwani, akachambua maharagwe, kisha akampa mama yake kidonge kimoja cha kifafa. Kazi hiyo ya mwisho ilikuwa yake tangu baba yake, Cyprien, aanze kupakia mizigo mpakani Bunagana na kurudi nyumbani mtaa wa Majengo mara moja kwa mwezi. Mama Annonciata alikuwa msahaulifu. Léonie asiposimama mbele yake na kikombe cha maji, kidonge kililala koponi.

Mwaka ule mama alikuwa na mimba ya miezi mitano, ila hakuna jirani aliyeambiwa. Kwao Masisi, walikotoka, mimba haitangazwi. Huachwa ijitangaze yenyewe. Hata muganga Edmond, muuguzi wa dispanseri aliyewapa vidonge, hakujua. Mama alijifunga vitenge viwili kuficha tumbo, basi.

Siku moja jirani yao Victoire, mwanamke mwema lakini asiyejua kufunga mdomo, alikuwa akimenya viazi na kusimulia.

"Katindo kuko mutoto wa miaka tatu, hatembei, hasemi. Mama yake alikuwa anameza dawa ya kifafa na mimba. Ile dawa inaharibu watoto!"

Léonie alishtuka. Angemuuliza nani? Kumuuliza muganga kulikuwa kutoa siri ya mama. Basi akaamua peke yake. Jioni ile mama alipoulizia dawa, alijibu, "Mama, ulishameza. Umesahau?" Mama akaucheka usahaulifu wake, akaamini. Kesho yake ikawa vilevile, na kesho kutwa.

Jumamosi, baada ya salongo, kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, mama alianguka uani kwenye mawe meusi ya volkano, akatetemeka mwili mzima. Wanawake walikimbia wakidhani povu la kifafa huambukiza. Victoire peke yake alibaki, akamsaidia Léonie kumlaza mama kwa ubavu na kuondoa mawe karibu na kichwa. Alipozinduka, walimpeleka dispanseri, damu ikimtoka usoni.

Edmond alifunga jeraha, akauliza, "Mama, dawa unameza kila siku?"

"Kila siku, muganga. Mutoto wangu ananipatia."

Léonie aliangua kilio. "Sikumupatia! Siku tatu! Niliogopa mutoto wa tumbo atakuwa mubovu, vile Mama Victoire alisema."

"Tumbo gani?" Edmond aliuliza.

Mama alifungua vitenge vyake. Edmond akaweka tumboni kipaza cha mti cha kusikilizia moyo wa mtoto, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Moyo unapiga muzuri," alisema mwishowe. Kisha akamgeukia Léonie, bila hasira. "Victoire hakudanganya. Dawa zingine za kifafa zinaweza kumugusa mutoto tumboni, akachelewa kutembea ao kusema. Lakini kuacha dawa gafula kunaleta kuanguka, na kuanguka kunaweza kuua mama na mutoto. Kwa hiyo docta ndiye anachagua dawa na kipimo. Ningejua mimba mapema, mama angeshamuona."

Daktari alipanga upya kipimo, na Léonie akarudia kazi yake kwa uaminifu. Mtoto, Nsanzimana, alizaliwa akilia kwa nguvu. Kila mwezi alipelekwa kupimwa, na Edmond hakutazama kilo tu. Alitazama kama mtoto anashika vitu na kama anageuka akiitwa. Nsanzimana alikawia kuketi, mama akalia sana. Edmond akawafundisha kumchezesha, na Léonie alimsemesha mdogo wake mpaka majirani wakachoka. Alipofikisha miezi kumi na minane, akatembea.

Siku ya kupima watoto iliyofuata, Mama Annonciata alisimama dispanseri mbele ya wanawake wote.

"Miye niko na kifafa," alisema. "Nilificha mimba, mutoto wangu akaficha dawa. Kila mutu alifikiri anamulinda huyu mudogo, na karibu tumuue. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwenye ugonjwa akitaka kuzaa, amwambie muganga mapema. Na mutoto akiogopa, aseme."

Kwenye benchi la nyuma kabisa, mwanamke kijana aliinua mkono.

"Muganga," alisema, "na miye niko na kifafa."